Bustani ya Mabalungi na Macho ya Wageni

Katika kisiwa cha Morisi, mwendo wa maili chache kutoka mji wa Port Louis kuelekea kaskazini, ipo bustani ya mimea iliyochukua jina la kijiji kinachopakana nayo: Pamplemousses, yaani mabalungi. Jina lake rasmi leo ni la Sir Seewoosagur Ramgoolam, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, aliyefariki Desemba 1985 na ambaye mwili wake ulichomwa humo bustanini kwa desturi ya dini yake. Jina hilo lilitangazwa mwaka 1988. Mimi nitaiita Bustani ya Mabalungi, kwa kuwa jina hilo latamkika vyema ulimini mwetu, na kwa kuwa habari ninazotaka kuzieleza ni za kale kuliko majina yote mawili ya utawala.

Waandishi wa mimea huisifu kuwa ni mojawapo ya bustani kongwe za aina yake katika nchi za joto. Sifa hiyo waiseme wenye elimu hiyo. Kinachonishughulisha mimi ni wageni. Kwa zaidi ya karne mbili watu wamepita chini ya miti hiyo, na kila kizazi kimekwenda kutazama kitu kingine. Wa kwanza walikwenda kuona viungo vilivyoibwa. Waliofuata wakaenda kutafuta makaburi ya wapenzi wasiopata kuishi duniani. Wa baadaye wakaenda kwa ajili ya minazi ya kigeni. Na wa leo huenda kupiga picha majani ya yungiyungi yaliyo mapana kama sinia la harusi. Ardhi ni ile ile. Na katika ardhi hiyo umesimama mti mmoja ambao kwa msomaji wa Unguja au Pemba si mgeni hata chembe, nao ni mkarafuu. Wa kwetu walitoka huko, moja kwa moja au kwa kupitia kisiwa jirani cha Bourbon, ambacho leo huitwa Reunion. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiingia Bustani ya Mabalungi, hawi mtalii kama watalii wengine. Amekwenda ukweni, au kwa mdai wake, au pote pawili kwa pamoja.

Asili ya bustani ni shamba lililoitwa Mon Plaisir, ambalo gavana Mahé de La Bourdonnais alilinunua mwaka 1735. Siku hizo kisiwa kiliitwa Île de France. Lilikuwa shamba la mboga na matunda, la kulisha nyumba ya gavana na merikebu zilizotia nanga bandarini. Aliyeligeuza kuwa bustani ya mimea ni Pierre Poivre, mzaliwa wa Lyon, ambaye jina lake la ukoo kwa Kifaransa maana yake ni pilipili manga. Mtunzi wa riwaya angebuni jina kama hilo tungemcheka. Poivre alipoteza mkono wake wa kulia mwaka 1745 katika mapigano ya baharini na Waingereza, akapelekwa Batavia, na huko akaona kwa macho yake namna Waholanzi walivyoikaba biashara ya viungo. Mikarafuu waliiruhusu Ambon na mikungumanga Banda. Penginepo waliing'oa na kuichoma, na aliyethubutu kutoa miche alijiweka katika hatari ya kifo.

Tangu hapo Poivre hakuwa na jambo jingine moyoni ila kuivunja kabari hiyo. Mwaka 1753 alileta miche michache ya kungumanga kisiwani, nayo ikafa. Alimshutumu mtaalamu wa mimea wa Kampuni ya Kifaransa, Fusée-Aublet, kwamba ndiye aliyeiua kwa kijicho. Aliporejea mwaka 1767 akiwa na cheo kikubwa cha usimamizi wa mali za mfalme, alituma merikebu kwa siri hadi visiwa vya Maluku. Juni 1770 zikarudi na mbegu na miche ya karafuu na kungumanga, na safari ya pili ikarudi mwaka 1772. Mingi ilikufa. Msomaji aliyewahi kuotesha mikarafuu haitaji kuelezwa sababu: mbegu ya mkarafuu haina subira. Ikikauka imekufa. Hutakiwa iende udongoni ingali mbichi, na mche ukishachipua hutaka kivuli na maji kila siku, na jua kali la siku chache latosha kuumaliza. Kuvusha mbegu ya aina hiyo bahari nzima, ndani ya masanduku ya udongo sitahani, ni kazi ya kuamka usiku kama mwenye mtoto mchanga.

Poivre aliondoka kisiwani mwaka 1772. Kuanzia 1775 bustani ikashikwa na Nicolas Céré, aliyekaa nayo mpaka kufa kwake mwaka 1810, na wengi wanaoijua historia hiyo wasema Céré ndiye aliyeiokoa mikarafuu michache iliyosalia. Mwaka 1776 zilichumwa karafuu za kwanza. Kutoka kwake miche ilienda Bourbon, ikavuka hadi Cayenne ng'ambo ya Atlantiki. Hao ndio wageni wa kwanza wa Bustani ya Mabalungi: maofisa, manahodha, mabwana shamba na wasomi waliopita njiani kwenda Bara Hindi. Waliletwa waone mali ya mfalme. Waliandika barua zao kwa furaha, wakaisifu mistari iliyonyooka ya miti na ustadi wa Céré, wakaonja, wakanusa, wakaenda zao.

Mwaka huo huo wa 1776, mwezi wa Septemba, huku kwetu Kilwa, Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice, tabibu aliyegeuka mfanyabiashara, alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa. Alipewa haki ya kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kwa kichwa, na Sultani apate piasta 2 juu ya kila mmoja. Mkataba uliandikwa kuwa wa miaka 100. Morice, bila shaka, hakuishi kuiona miaka hiyo, walakini biashara ya Kilwa na visiwa vya Wafaransa ilistawi kwa miongo kadhaa. Siziweki habari hizi mbili bega kwa bega ili kutafuta mkasa wa kishairi. Ni habari moja. Kisiwa ambacho watu wake takriban wanne katika kila watano walikuwa watumwa hakikuwa na mikono mingine ya kuchimbia mashimo. Watumwa hao walitoka Madagaska, Msumbiji, mwambao huu wetu na Bara Hindi. Waliofanya kazi chini ya serikali, na miongoni mwao wale wa bustanini, waliandikwa katika madaftari kuwa ni *noirs du roi*.

Hapa nitaomba radhi nijisemee kidogo kama mfasiri. Katika Kifaransa cha madaftari hayo, bustani ni *jardin du roi*, mimea ni *plantes du roi*, na watu ni *noirs du roi*. Neno linalounganisha ni lile lile moja, wala halitikisiki. Nilipojaribu kuyafasiri, lugha yetu ilinigomea. Bustani *ya* mfalme, mimea *ya* mfalme. Lakini weusi *wa* mfalme. Ngeli ilikataa kuwatia watu katika fungu la mimea, hata pale ambapo daftari lenyewe liliwatia. Najua kwamba ngeli si sheria ya haki, na kwamba wenye lugha hii hii walinunua na kuuza watu bila ngeli kuwazuia. Sultani wa Kilwa hakuhesabu piasta zake kwa Kifaransa. Hata hivyo siku ile niliiweka kalamu chini kwa muda.

Tujiulize basi, mgeni wa siku za Céré aliona nini? Aliona mche ulionyweshwa. Aliyenywesha hakumtazama, au alimtazama kama mtu atazamavyo ndoo. Mikarafuu ilihitaji maji kila siku, na maji yalibebwa. Ilihitaji kivuli, na vivuli vya makuti au majani vilisukwa na kuhamishwa kadiri jua lilivyohama. Ilihitaji mtu wa kuutambua mche mgonjwa kabla haujanyauka, elimu ambayo haipatikani vitabuni bali hukaa vidoleni. Ustadi uliosifiwa kwa jina la msimamizi ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ustadi wa watu hao.

Mwaka 1788 likatokea jambo lililowageuza kabisa macho wageni. Bernardin de Saint-Pierre, mhandisi aliyekuwa amekaa kisiwani kuanzia 1768 hadi 1770 na kufahamiana na Poivre, alichapisha riwaya ya *Paul et Virginie*. Ni hadithi ya vijana wawili waliolelewa pamoja porini kama ndugu, wakapendana; msichana akapelekwa Ufaransa, na siku ya kurejea merikebu yake ikavunjika mbele ya macho ya mpenzi wake. Merikebu ilikuwa ya kweli: *Saint-Géran* ilizama Agosti 1744. Wapenzi walikuwa wa kubuni. Lakini mwandishi aliwaweka katika mtaa wa Pamplemousses, kanisa likiwa kanisa lililopo na njia ikiwa njia ipitikayo, na Ulaya nzima ikalia.

Kuanzia hapo, kwa karibu miaka 100, mgeni aliyeshuka Port Louis alitaka kwanza apelekwe makaburini kwa Paul na Virginie. Na kwa kuwa penye mahitaji hapakosi bidhaa, makaburi yakapatikana. Wageni waliyazuru, wakamwaga machozi, wakabandua vipande vya kuchukua kwao kama kumbukumbu. Mark Twain alipopita kisiwani mwaka 1896 aliona kichekesho hicho na kukiandika katika kitabu chake cha safari, kwamba tukio mashuhuri kuliko yote katika historia ya Morisi ni lile ambalo halikutokea.

Sisi watu wa mashairi tusiwe wepesi wa kucheka. Twajua nguvu ya maneno yaliyopangwa vizuri. Twajua kwamba mtu huweza kumlilia Mwana Fulani wa utenzi kuliko jirani yake aliyezikwa jana. Lakini angalia kilichotendeka. Nje kidogo ya makaburi hayo ya uongo, katika ardhi ile ile, walizikwa watu wa kweli kwa maelfu ambao hakuna mgeni aliyeuliza walipolala. Na riwaya yenyewe haikuwaficha! Ndani yake mna mwanamke mtumwa aliyetoroka, mwenye njaa na makovu ya mjeledi, aliyekuja kuomba msaada. Na Virginie, kwa wema wake wote, akamrudisha kwa bwana wake ili amwombee msamaha. Wasomaji wa Ulaya walilisoma hilo, wakamwona Virginie kuwa malaika, wakafungua ukurasa uliofuata.

Miaka ya kwanza ya Waingereza, waliokitwaa kisiwa Desemba 1810, bustani ilidhoofika. Miwa ilikuwa imekwisha kuwa mfalme wa kisiwa, na viungo havikuwa tena na mtu wa kuvililia. Utumwa ulifutwa kisheria Februari 1835, na mikono mipya ikaanza kuletwa kutoka Bara Hindi kwa mikataba ya kazi. Mwaka 1849 aliteuliwa James Duncan, naye ndiye aliyeipa bustani sura tunayoijua: alileta minazi na mitende ya kila asili, akapanga njia. Homa kubwa ya malaria iliyoanza mwaka 1866 iliua watu makumi ya maelfu kisiwani, na miche ya mikaratusi ikatafutwa kwa wingi ili kukausha madimbwi. Baada ya hapo bustani ikaendelea kuwa mahali pa matembezi ya Jumapili, vyakula katika vikapu, watoto mbele na wazee nyuma, kama zilivyo bustani za umma kila mahali.

Mgeni wa leo hupita lango la chuma lililopakwa rangi nyeupe, na hapo hukutana na viongozi wa kutembeza watu. Akimchukua mmoja, ataongozwa kwa saa moja hivi. Ataonyeshwa ziwa refu la mayungiyungi ya Amazoni, ambayo ua lake huchanua jeupe jioni ya kwanza, likawa la waridi jioni ya pili, kisha likafunga. Ataonyeshwa mti uitwao talipoti, wa ukoo wa minazi, ambao hukaa miaka 30, pengine hata 80, pasipo kuchanua. Kisha hutoa shada moja kubwa mno la maua kileleni, huzaa, na hufa. Ataonyeshwa kobe wakubwa wa Aldabra, ambao mara nyingi hupata wapenzi kuliko mti wowote, na miti iliyopandwa na wakuu wa nchi za mbali waliokuja ziarani, Indira Gandhi akiwa mmojawapo. Na kila baada ya hatua chache kiongozi hukatua jani, hulifikicha, humpa mgeni anuse na kumwuliza: hili ni nini? Mdalasini. Kafuri. Karafuu! Mgeni akipatia hufurahi kama mtoto, kisha msafara husonga.

Njia anazokanyaga zina majina: njia ya Poivre, njia ya Céré, njia ya La Bourdonnais. Na mahali pamoja husimama mnara wa jiwe uitwao mnara wa Liénard, uliojengwa katika karne ya 19, nao umechongwa majina ya watu waliokineemesha kisiwa kwa kuleta mimea na wanyama wenye manufaa. Ni fikra njema. Mataifa hujenga minara kwa ajili ya majenerali. Kuujengea mnara mti wa matunda ni ustaarabu unaopaswa kuigwa, na mimi ningefurahi kuona mfano wake katika bustani zetu, ambazo nyingine hata kibao cha jina la mti hakuna. Lakini orodha ile ni ya walioleta. Kuleta ni kazi ya siku moja au ya msimu mmoja. Waliolea hawamo.

Sasa tuuvushe mti baharini, maana hapo ndipo hadithi inapogeuka kuwa yetu. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwarabu wa Oman aitwaye Saleh bin Haramil al-Abri, aliyekuwa na biashara na Wafaransa wa visiwa vile, alileta mikarafuu Unguja na kuipanda Mtoni na Kizimbani. Sayyid Said alipouona utajiri uliomo, aliyatwaa mashamba hayo. Na sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba Saleh amevunja mkataba wa mwaka 1822 uliokataza kuwauzia Wakristo watumwa. Kisha Sayyid akaamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu. Kufikia katikati ya karne, Unguja na Pemba zilikuwa zimeipita dunia nzima kwa zao hilo, na bei ikaanza kushuka kwa wingi wake.

Nani aliipanda, akaipalilia, akapanda juu kuichuma, akachambua makonyo na kuianika majamvini? Walikuwa watu wa bara walioteremshwa pwani, wengi wao kwa kupitia Kilwa ile ile. Hapo awali Kilwa ilikuwa imetoa watu kwenda visiwa vya Wafaransa, ambako mti ulinyweshwa maji na mikono kama yao. Mti ulipokua na kuzaa, mbegu zake zikaja Unguja. Na mbegu zilipokuja, zikahitaji watu wengine, na Kilwa ikatoa tena. Utumwa haukuondolewa kisheria Unguja na Pemba mpaka mwaka 1897. Washairi wetu wamelisifu ua hili kwa harufu, kwa rangi, kwa kikuba na kwa mahaba, na sina ugomvi nao, maana mimi mwenyewe nimo miongoni mwao. Ila sidhani kama tumeitungia ndoo ya maji hata ubeti mmoja.

Kizimbani ya leo imekuwa nayo mahali pa wageni. Hufika kwa magari kutoka mjini na kutoka hoteli za pwani ya mashariki, huvishwa kofia za makuti, na vijana wetu hodari huwatembeza kwa lugha nne au tano. Hukatua jani, hulifikicha, humpa mgeni anuse na kumwuliza: hili ni nini? Ni mchezo ule ule wa Bustani ya Mabalungi, neno kwa neno, na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Mgeni akiuliza mkarafuu asili yake ni wapi, aghalabu huambiwa Indonesia, na jibu ni sahihi. Kati ya Indonesia na Kizimbani kuna kituo kimoja kinachorukwa, na si kwa ubaya: ziara ni ya saa mbili, jua ni kali, na mdalasini uko hatua kumi mbele, wangojea kubanduliwa gome.